Sita na Kitu

9 Februari

Kaka yangu,

Nataka uifungue barua hii kwa mikono iliyotulia: sote wazima. Kifaranga wangu ameota jino la tatu na analijaribia kwenye bega langu. Aliyefariki ni simu yangu. Mpwa wako aliitumbukiza kwenye beseni la sabuni nikiwa nafua, kisha akajipigia makofi. Mpaka nipate nyingine tutaandikiana kama watu wa zamani, na kusema kweli si vibaya. Kwenye simu mama hukaa ubavuni kwangu, kila nikitaka kusema jambo ananifinya.

Bado niko kwa dobi, napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Nikirudi nina mvuke mpaka masikioni. Mama anakusalimu sana. Kliniki anawatambia wagonjwa wenzake kwamba mwanawe ni fundi wa skrini. "Kila namba mnayoiona ikimulika, kaibandika mwanangu." Nikamwambia, "Mama, hizi zetu hazimuliki." Akanikata jicho.

Basi hilo ndilo lililonikalisha chini. Mashine ya kupimia sukari waliyompa haisomeki. Si mbovu, inafanya kazi. Ila namba zake ni kijivu juu ya kijivu, kama mtu kaandika kwa maji kwenye bati. Unakijua chumba cha mama, dirisha liko nyuma ya kichwa cha kitanda. Ukiisogeza mashine kwenye mwanga, unaliona dirisha badala ya namba. Ukiitoa kwenye mwanga, huoni kitu. Mimi mwenye macho mazima nakunja uso, sembuse yeye. Halafu inajizima yenyewe kabla hajamaliza kuitazama, inabidi ajichome kidole tena. Kumsaidia hataki. "Kamvalishe mtoto, utachelewa kazini." Na kweli nachelewa.

Wewe unajua sindano yake anaipima kwa namba hiyo. Ikiwa kubwa anaongeza dawa, ikiwa ndogo anapunguza. Sasa anapima kwa kubahatisha.

Wewe ndiye unayezitengeneza skrini. Haiwezekani mkazifanya zionekane? Nauliza kijinga labda, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Na mama anauliza utakuja lini.

Mdogo wako


3 Machi

Mama Kifaranga, mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu kwenye foleni ya chakula mpaka jirani yangu akauliza kama nimepata mchumba. Pole na msiba wa simu. Mwambie huyo mhalifu mjomba wake atamfungulia kesi. Mimi mzima, kazi ipo. Chumba chetu cha kazi hapa kiwandani ni cheupe tupu, tunavaa kofia na barakoa kama madaktari wa upasuaji, kumbe tunabandika plastiki.

Swali lako si la kijinga. Uliposema "hazimuliki" umewashinda wengi wa hapa. Skrini ile haina taa yake, inaazima mwanga wa chumbani. Mwanga unaingia kwa mbele, unapita utando wa kwanza wa kuchujia, na karibu nusu yake inabaki mlangoni. Unapita katikati ya vioo viwili vyembamba vyenye majimaji mazito. Umeme kidogo ukiyagusa, yanaugeuza mwanga njia, na hapo ndipo namba inapotokea. Unapita utando wa pili, unagonga karatasi ya rangi ya fedha iliyoko mgongoni, halafu unarudi na njia ile ile, vikwazo vile vile. Ukifika jichoni umechoka kama wewe ukitoka kwa dobi.

Na lile dirisha unaloliona ni mng'ao wa kioo cha juu. Karatasi ya mgongoni ikiwa laini, inarudisha mwanga upande ule ule ambao kioo cha juu kinarudisha wake. Kwa hiyo pale namba inapokoza ndipo dirisha nalo linapokaa. Ukilikwepa dirisha, umeikwepa na namba. Dawa yake ninaijua: karatasi ya mgongoni iwe na vijinundu, vidogo hata kidole hakivisikii, vilivyoinama upande mmoja. Hapo mwanga wa namba unakuja jichoni na mng'ao unakwenda zake. Tumeshaijaribu hapa karatasi ya namna hiyo, ipo kabatini. Nitamwambia msimamizi.

Kwa sasa mwambie mama asiikodolee macho vile vile ilivyokaa. Kila skrini ina upande inaoupenda. Aigeuze mpaka namba zikoze.

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Umetenda jambo! Nilimsomea mama barua yako akiwa kitandani, nilipofika kwenye "aigeuze mpaka namba zikoze" akaniambia nirudie. Kesho yake namfunga Kifaranga nepi, nasikia sauti kutoka chumbani: "Sita na kitu!" Nikauliza, "Umeona mwenyewe?" Akasema, "Nyeusi ti, kama masizi. Mwambie fundi nimempa maksi zote."

Tangu hapo ndio wimbo wa nyumba hii. Kila asubuhi, sita na kitu. Siku nyingine nane na kitu. Kifaranga akiusikia anachezesha makalio. Sindano mama ameipunguza sana, na mimi nanyoosha mgongo kidogo. Hujui, kaka, jinsi mtu anavyochoka kwa kuogopa, kuliko hata kwa pasi.

Jana tu mashine ilituletea vituko. Mama kasema imeandika tisa na herufi E. Anasema imechoka na hesabu, imeanza kujifunza kusoma. Kijikaratasi kilichokuja na mashine kinasema E ni hitilafu, tukabadilisha betri, leo ikarudi kwenye sita.

Kinachonishangaza ni kiu yake. Anamaliza jagi la maji kabla sijarudi, na kulala analala kama mtoto mchanga, mchana kutwa. Nesi alipouliza sukari ikoje, mama akamjibu kwa maringo, nesi akasema basi itakuwa joto. Nashukuru namba ni nzuri. Zingekuwa mbaya ningeogopa.

Lile la kuja hukujibu. Mama ameliona. Alisema, "Kaongea habari za dirisha langu, za safari yake hakuongea."

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zingoje. Soma hii ukiwa umesimama.

Namba mama anazozisoma si za kweli. Anaishika mashine kichwa chini.

Barua yako ya Machi nimeipata leo. Ilikwenda kwenye chumba changu cha zamani ikakaa huko. Nimehamishwa sehemu nyingine ya kazi, si jambo la kuzungumza sasa. Nimepiga simu kwenye duka la jirani yenu, mtu akajibu kwamba mwenye duka alihama na yeye nyumba yenu haijui. Nimebaki na kalamu tu.

Ni ile E. Hitilafu ikitokea, E hukaa peke yake, haikai na tisa. Namba za skrini ile zinaundwa kwa vijiti saba, kila namba vijiti vile vile, vingine vinawaka vingine havitokei. Tatu ukiigeuza miguu juu inakuwa E. Sita inakuwa tisa, tisa inakuwa sita. Moja na nane hazibadiliki. Chukua karatasi, andika 16.9 kwa vijiti kama inavyoandika mashine, halafu igeuze karatasi. Utasoma sita, tisa, moja. Ile nukta inahamia juu, kati ya sita na tisa, ndiyo maana mama anasoma sita na kitu.

Skrini ile imeundwa itazamwe kutoka chini. Mama amejilaza, dirisha liko nyuma yake, lazima aiinamishe mashine ili ikamate mwanga, na hapo anaitazama kutoka juu. Namba zinafifia. Akiigeuza kichwa chini, zinakoza. Kioo kimefanya vile vile kilivyotengenezwa.

Niliandika "aigeuze". Nilimaanisha aiinamishe huku na huku.

Mpime wewe, leo. Mpeleke hospitali. Arudishe sindano kama zamani, lakini kwanza daktari. Nijibu kwa njia yoyote.

Kaka


8 Juni

Kaka yangu,

Yu hai. Nimeliweka mbele ili upumue.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama tayari, kwenye korido ya hospitali, Kifaranga kiunoni. Dada mmoja wa kwa dobi ndiye aliyeniletea. Mama alikuwa na siku kadhaa wodini.

Siku alipozidiwa nilirudi mchana kuchukua kanga ya mtoto, nikamkuta amelala anahema haraka haraka kama aliyepanda ngazi. Mdomo umemkauka mpaka umepasuka. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, ananiuliza kama ng'ombe wamerudi. Ng'ombe gani, kaka? Nilimbeba mimi na dereva wa jirani. Mashine ya hospitali ikaandika ishirini na nane. Nesi akaniuliza, "Nyumbani alikuwa na ngapi?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Sita na kitu." Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Alipopata fahamu nilimpa mashine yetu, nikamwambia nionyeshe unavyoishika. Akaipokea, akaigeuza miguu juu bila hata kufikiri, akasema, "Si aliandika mwenyewe niigeuze?" Daktari alikuwa amesimama hapo hapo. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Basi."

Sasa nisikilize, maana najua utakavyoilea hii. Neno ni lako, mkono ni wake, na aliyemsomea kwa sauti, tena mara mbili, ni mimi. Tukianza kugawana hatutamaliza, na mimi nina mtoto wa kunyonyesha. Sitaki barua ya kujipiga kifua.

Sukari imeshuka. Wanasema anatoka karibuni. Habari za macho yake usiniulize kwa barua. Tukionana nitakujibu.

Wewe umehamishwa wapi? Umeandika "si jambo la kuzungumza", na mimi nimelelewa nyumba moja na wewe. Najua maana yake.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Mshukuru Mungu kwa niaba yangu, mimi nimeshindwa kupata maneno. Umenikataza kujipiga kifua, nimetii. Badala yake nimefanya kazi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna mashine ya aina ile ile ya kliniki, vijiti vyake vya kupimia damu vile vile, ila skrini nimeibadilisha mimi. Itoe, iweke mezani, halafu zunguka meza. Utaona. Mgongoni nimeweka ile karatasi ya vijinundu niliyokuambia. Mbele nimebandika utando unaoua mng'ao, dirisha halitaonekana tena ndani yake. Upande wa kutazamia nimeutanua: aitazame kutoka juu, chini, kulia, kushoto, namba ni nyeusi na nyuma yake ni peupe kama karatasi. Si kijivu. Peupe. Mara ya kwanza ilipowaka niliwaita wenzangu wawili waje waone. Mmoja akasema, "Hii hata kipofu ataisoma." Na pembeni nimeweka doa jekundu la rangi ya kucha. Doa likiwa juu, ndiyo juu.

Umeuliza kazi. Karatasi ile ilikuwa ya majaribio. Msimamizi alishaikataa tangu Machi, alisema, "Nani atakubali gharama iongezeke ili bibi mmoja aone?" Nikajibu, mimi. Nikakata kipande bila ruhusa. Kwa hiyo sasa niko ghalani, nafunga maboksi. Wenzangu ndio walionisaidia kuingia jioni kuimaliza. Nikiomba likizo leo, najua nitajibiwa nisirudi. Ndiyo maana sisemi habari za kuja. Sasa umejua.

Niandikie neno moja tu, upesi. Inaonekana?

Kaka yako


27 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Inaonekana.

Nimeandika kwanza hilo kwa sababu uliliomba, na kwa sababu ni kweli. Nimeiweka mezani nikazunguka kama ulivyosema. Nimeisoma nikiwa mlangoni, Kifaranga akinivuta sikio. Nimeisoma dirisha likiwa wazi na jua limeingia lote, namba zikabaki pale pale, nyeusi, zimetulia. Sijawahi kuona kitu kidogo kilichotengenezwa kwa upendo kiasi hicho. Nilikaa kitako sakafuni na ile mashine mapajani.

Nilimpa mama. Aliishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya kioo, akalitafuta lile doa jekundu nililomweleza, akalipata kwa kucha, akaliweka juu. Sawasawa kabisa. Akaielekeza dirishani, akainamisha kichwa kama anayesoma. Nikasubiri. Akasema, "Mwambie inaonekana."

Nikamwambia, "Mama, nitaandika ulivyosema. Halafu nitaandika na ninavyosema mimi." Akasema, "Wewe tangu mdogo una mdomo." Lakini hakunifinya.

Basi ninavyosema mimi ni hivi. Mama haoni. Daktari anasema damu imevujia nyuma ya macho. Jicho la kulia halina kitu. La kushoto anajua dirisha liko wapi, na mtu akipita anaona kivuli, basi. Nilimuuliza daktari kama ni zile wiki za sita na kitu, au macho yalikuwa yakiharibika tangu zamani. Akasema vyote viwili. Nikamuuliza tena, nikitumaini atachagua kimoja. Akasema vyote viwili, dada, siwezi kuvitenganisha. Mwaka jana mama mwenyewe alikuwa amenikataza nisikwambie kwamba anamimina chai nje ya kikombe. Nikajiambia ni ile skrini. Na skrini kweli ilikuwa mbaya, kaka, hata mimi sikuiona. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuilaumu.

Najua ulichotoa ili utume kioo kile. Najua na neno la mwenzako, lile la kipofu, na najua ukifika hapa kwenye barua litakuuma. Lisikuume. Alisema kwa wema.

Lakini usitengeneze kingine. Nakusihi. Usikae huko ghalani ukiwaza namba kubwa zaidi, nyeusi zaidi. Anayesoma sasa ni mimi, na mimi zinanitosha. Nimeomba kwa dobi niingie kazini nikichelewa kidogo, amenung'unika akakubali. Kila asubuhi namchoma mimi. Anageuza uso, si kwa maumivu, ni kwa aibu ya kuchomwa na mtoto wake. Wewe sikwambii uache kazi. Sikwambii uje wala usije. Nakwambia tu asubuhi yetu ilivyo, ujue, maana nimechoka kuandika barua zenye matundu.

Anauliza habari zako kila siku. Mashine yako halali bila kuiweka chini ya mto. Wageni wakija anaitoa, anawaambia waisome kutoka mlangoni, na wanaisoma. "Kila upande," anasema. "Mwanangu kaitengeneza iwe ya kila upande."

Leo asubuhi nilimpima kabla ya kukaa kuandika. Akauliza, "Ngapi?" Nilitaka, kaka, walahi nilitaka kusema sita. Kifaranga alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kitanda, tayari kuchezesha makalio. Nikaitazama, nyeusi, safi, haina pa kukosea.

Nikasema, "Kumi na moja nukta tisa, mama."

 Akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu ulioshika mashine.

"Basi igeuze," akasema.

Mdogo wako